Kocha wa mtaani, kocha wa kambini au kocha wa Dar: nani amfundishe bondia wako chipukizi?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishika ndoo na taulo kwenye kona za mabondia wa ridhaa, yaani wasiopigana kwa malipo, hapa Kigoma, na katika kazi hiyo isiyo na malipo wazazi wameniuliza swali moja kuliko mengine yote. Kijana ana miaka 16 au 17, ameshinda mapambano manne au matano, watu wa Mwanga na Ujiji wameanza kulitaja jina lake, na ghafla wanaotaka kumfundisha wamekuwa watatu. Wa kwanza ni mwalimu wa mtaani, ambaye ndiye aliyemfunga bendeji kwa mara ya kwanza. Wa pili ni kocha wa timu ya kambini, iwe ya Jeshi la Kujenga Taifa, ya Polisi au ya Magereza. Wa tatu ni kocha wa Dar es Salaam, ambaye amemwona kijana kwenye video ya simu na ametuma ujumbe kwamba nauli ya treni isiwape shida.

Makala haya yanawapima watatu hao kwa vigezo vilevile. Simfahamu aliye bora kwa kila kijana, na anayedai kumfahamu pengine ni mmoja wa hao watatu.

Vigezo kabla ya majina

Wazazi wengi huanza na sifa za kocha: aliwahi kuwa bingwa wa wapi, alimpiga nani, amepiga picha na nani. Sifa hizo si bure, lakini kupigana na kufundisha ni kazi mbili, na wapo mabingwa wa zamani wasioweza kumweleza mtoto kwa nini kidevu kinashushwa. Mimi hupendekeza mzazi aanze na mambo matano: usalama wa kichwa na mikono, ufundi na wenzake wa kujifua nao, mapambano ambayo kijana atapata, fedha na karatasi, na maisha ya kijana nje ya ulingo, yaani shule, kazi na chakula.

Ndani ya yote matano kuna swali ninalolipa uzito wa kwanza, nalo ni kama kocha huyo ana uwezo wa kukataa. Kuna kukataa pambano lisilomfaa kijana, kuna kukataa kumrudisha ulingoni kabla hajapona, na kuna kurusha taulo wakati ukumbi mzima unapiga kelele kwamba mtoto aendelee. Wote watatu watakwambia wanaweza, na huenda wote wanasema kweli kwa nia zao. Wanachotofautiana ni nani anawalipa na nani anawaamuru, na hayo ndiyo yatakayoonekana siku ya kukataa itakapofika.

Kichwa na mikono

Anzia mikononi, kwa kuwa huko kunaonekana kwa macho. Nenda mazoezini bila kutoa taarifa, kaa pembeni, utazame bendeji zinavyofungwa. Jioni moja pale Ujiji nilimtazama mwalimu wa mtaani akimhudumia mtoto wa miaka 14 kwa bendeji zilizofuliwa mpaka zikawa za kijivu. Alizungusha kiganjani, akapitisha katikati ya kila kidole, akamwambia akunje ngumi, kisha akabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mtoto na kungoja wekundu urudi, ndipo akasema, "Haya, nenda." Begi la kupiga ngumi lililokuwa likimngoja lilikuwa gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu. Mwalimu huyo alikuwa amekataa kutia mchanga, kwa sababu mchanga hushuka chini ya begi ukagandamana kama jiwe na kuwaumiza vijana vifundo vya mikono. Vifaa vyake vyote kwa pamoja visingenunua glovu jozi mbili mpya, lakini mikono ya watoto wake ilikuwa salama kuliko ya wengi wenye vifaa vinavyong'aa.

Mwalimu wa mtaani, basi, anaweza kuwa mlinzi mzuri sana. Udhaifu wake ni uchache wa watu na vitu: kofia moja ya kinga inavaliwa na vijana kumi kwa zamu, glovu zimeisha sifongo, na wanaopigana katika sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, hawalingani uzito kwa kuwa waliopo ndio hao. Hata hapo kuna anayejua na asiyejua. Nimemwona mmoja akimruhusu bondia wa kilo 71 ajifue na wa kilo 57 kwa sharti kwamba yule mkubwa atumie mkono wa kushoto tu, na wa kulia aushikishe kwenye mpira wa bukta muda wote. Mwingine aliwaachia tu wapigane, akacheka.

Kambini mambo haya kwa kawaida yako katika utaratibu mzuri zaidi: zahanati haiko mbali, ratiba inajulikana, na vijana wa uzito mmoja hupatikana. Tatizo la kambini ni lugha ya ukakamavu, ambayo ni nzuri kwa gwaride na mbaya kwa ubongo. Kijana aliyezoeshwa kwamba kulalamika ni ulegevu hatasema kichwa kinamuuma tangu juzi. Kocha mzuri wa kambini analijua hilo na huuliza mwenyewe, kila asubuhi, bila kungoja taarifa.

Dar kuna sparingi nyingi kuliko penginepo nchini, na hilo ni neema na hatari kwa pamoja. Mgeni kutoka mkoani, mwenye njaa ya kujionyesha, anaweza kugeuzwa begi linalotembea la mabondia wakubwa wanaojiandaa na mapambano yao. Uliza kwa wiki atafanya sparingi mara ngapi, na nani, na kwa glovu za wakia ngapi; jibu lenye afya hutaja glovu kubwa, za wakia 14 au 16, na siku chache.

Kisha waulize wote watatu swali hili kwa maneno yaleyale: kijana akitolewa kwa KO, yaani akipigwa asiweze kuendelea, Jumamosi, atarudi lini kwenye sparingi? Kanuni za ngumi za ridhaa kwa muda mrefu zimeweka mapumziko yasiyopungua siku 30 baada ya KO ya kichwa, siku 90 ikiwa zimetokea mbili ndani ya miezi 3, na takriban mwaka mzima zikifika tatu ndani ya miezi 12, na katika mapumziko hayo hata sparingi hairuhusiwi. Sababu yake si woga. Ubongo uliotikiswa, hasa wa kijana, ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba kwa kasi na kumuua mtu kwa pigo ambalo siku nyingine lingemfanya apepese macho tu. Anayetapika, anayesahau raundi ya pili ilikwendaje, anayesinzia ovyo au anayeumizwa macho na mwanga apelekwe hospitali ya Maweni usiku huohuo, hata kama alishinda. Kocha atakayejibu kwamba kijana atarudi Jumatano amekwisha kujiondoa mwenyewe kwenye orodha yako.

Vilevile mchunguze kila mmoja kuhusu uzito. Ukimkuta kijana anakimbia saa saba mchana amevaa koti la nailoni la mvua ili apunguze kilo tatu kabla ya kesho, jua kwamba anapunguza maji wala hapunguzi mafuta, na ataingia ulingoni akiwa mkavu. Hili nimelikuta kwa makocha wa kila aina.

Ufundi na wenzake wa kujifua nao

Katika misingi, yaani miguu, kidevu, jabu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) na kupumua, mwalimu wa mtaani mwenye vijana wanane humtazama mtoto wako kuliko kocha wa jimu yenye watu hamsini. Mpaka wake huonekana siku kijana anapokuwa amewashinda wote waliopo na kuanza kushinda kwa uzoefu wa kuwajua, bila kujifunza kitu kipya. Dalili yake ni kwamba hapigwi tena mazoezini, na wazazi huifurahia dalili hiyo wakati ingefaa iwatie wasiwasi.

Kocha wa kambini hufundisha ngumi za ridhaa kama zinavyohesabiwa: raundi 3, ambazo kwa wakubwa ni za dakika 3 na kwa wadogo wa miaka 15 na 16 za dakika 2, kasi kubwa, ngumi safi zinazoonekana na majaji. Tangu mwaka 2013 ridhaa ya kimataifa nayo inatumia pointi 10 kwa mshindi wa raundi, kwa hiyo kugusagusa tu hakutoshi tena, lakini bado ni mchezo wa mbio fupi. Kocha wa Dar aliyezama katika ngumi za kulipwa hufundisha mchezo mwingine: kugawa pumzi kwa raundi 4, 6 au zaidi, kupiga mwili, kufanya kazi ya karibu. Kijana akifundishwa mchezo wa kulipwa mapema mno hupoteza mapambano ya ridhaa kwa kuanza polepole. Kinyume chake pia hutokea, naye huishiwa pumzi raundi ya nne. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu kocha, amueni kijana anakwenda kupigana ngumi zipi katika miaka mitatu ijayo.

Mapambano atakayopata

Njia ya ridhaa hupitia vilabu, mkoa na mashindano ya taifa chini ya Shirikisho la Ngumi Tanzania, na ndiyo iliyowaletea Watanzania medali za Jumuiya ya Madola: fedha ya Titus Simba mjini Edinburgh mwaka 1970, dhahabu ya Michael Yombayomba mjini Kuala Lumpur mwaka 1998, na shaba mbili za Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike mjini Birmingham mwaka 2022. Mwalimu wa mtaani anaweza kumfikisha kijana ngazi ya mkoa, ila nauli ya timu kwenda mashindano ya taifa humkwamisha mara kwa mara. Timu za vyombo vya ulinzi na usalama zina mashindano yao na usafiri wake, na hapo kocha wa kambini ana nafasi ambayo wenzake wawili hawana. Ukitaka kujua kama anafuatilia mchezo wake, mwulize nani sasa anasimamia ngumi za Olimpiki. Chama cha zamani cha kimataifa kilipoteza utambuzi mwaka 2023, na Februari 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua kwa muda shirikisho jipya la World Boxing, ndipo ngumi zikathibitishwa kwenye michezo ya Los Angeles 2028. Kocha anayemwahidi mtoto Olimpiki bila kujua hayo anaahidi asichokijua.

Dar ni lango la ngumi za kulipwa. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham mwaka 2018 kupigana na Sam Eggington, wenyeji hawakumtarajia, naye akammaliza raundi ya pili. Kila kijana wa mkoani huisimulia habari hiyo. Wanachosahau ni upande wake wa pili, kwamba ukialikwa ugenini kwa kawaida umealikwa ili ushindwe, na kwamba mambo hayohayo hufanyika kati ya Dar na mikoa: bondia wa promota anahitaji rekodi, na kijana kutoka Kigoma ni jina zuri la kuijaza. Kabla ya kukubali, uliza pambano la kwanza atapigana na nani, ana rekodi gani, na tiketi za usiku huo zimeuzwa kwa jina la nani. Kocha asiyelipwa na promota huyo atajibu kwa urahisi. Anayelipwa naye atazunguka, na hapo ndipo swali letu la kukataa linapopata jibu lake.

Fedha na karatasi

Mwalimu wa mtaani hana mkataba, ana deni la shukrani, na deni hilo ni zito kuliko karatasi. Nimeshuhudia familia mbili zikiacha kusalimiana sokoni kwa sababu kijana alipanda treni bila kumuaga aliyemfundisha miaka minne. Kocha wa kambini ana mshahara wake, hali ya mfuko wake haitegemei kijana apigane Jumamosi hii, na kwa hiyo ndiye mwenye wepesi zaidi wa kusema hapana kwa promota. Lakini hapana yake kwa mkubwa wake wa kazi ni ngumu, na tena anaweza kuhamishwa kituo kijana akabaki na asiyemjua.

Kocha wa Dar hula kwa jasho la ulingo, jambo ambalo halina aibu. Desturi ya ngumi za kulipwa duniani humpa kocha asilimia 10 ya malipo ya bondia. Ukisikia robo au nusu, uliza ni kwa kazi gani ya ziada. Karatasi yoyote atakayoleta isomwe na mtu mwingine mnayemwamini, na izungumzie muda, makato ya chakula na malazi, nani analipa matibabu, na namna ya kuachana. Kijana aliye chini ya miaka 18 kisheria bado ni mtoto na hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba, kwa hiyo anayetaka sahihi yake ya haraka kabla hajatimiza umri huo amekwambia jambo kuhusu nafsi yake. Leseni ya ngumi za kulipwa ikija, hutolewa na Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa, na nakala yake ibaki kwenu.

Shule, kazi na chakula

Hapa Kigoma kigezo hiki kina sura yake. Vijana wengi wa Kibirizi na Katonga huvua dagaa usiku kwa taa, na uvuvi huo hutegemea giza, kwa maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa. Bondia aliyekesha ziwani hafai kupigwa kichwani saa kumi jioni. Mwalimu wa mtaani hulijua jambo hilo bila kuambiwa: wiki za giza huwapa kamba na kupigana na kivuli, sparingi huiweka kwenye mbalamwezi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, vijana walikuwa na muda tele wa mazoezi na mifuko mitupu, na walimu wenye busara walipunguza mazoezi badala ya kuyaongeza, kwa sababu huwezi kumkimbiza kilomita kumi mtu aliyekula ugali wa muhogo na mboga mara moja tangu jana.

Kambini chakula ni cha uhakika na siku ina kengele zake. Gharama yake ni kwamba kijana anaingia katika utumishi kwanza na ngumi baadaye, na nafasi za kuingia hutangazwa kwa masharti ya umri na elimu, hivyo aliyeacha shule kidato cha pili kwa ajili ya ngumi anaweza kukuta mlango huo umefungwa na ngumi hizohizo. Dar, chakula na kitanda ni vya kujitafutia au vya kukatwa baadaye, na kazi anazopata mgeni, ulinzi wa usiku au kubeba mizigo, huharibu usingizi kama ziwa linavyouharibu, ila huko hakuna mama wa kumwona anakonda.

Kwa hali yako

Kama kijana yuko shuleni na hajafikisha mapambano kumi, mwalimu wa mtaani anayefunga bendeji vizuri anatosha, na pesa mliyotaka kuitumia kwa nauli mnunulieni kofia ya kinga yake peke yake na kinga ya meno inayomkaa. Kama mwalimu huyo ni yule anayecheka wasiolingana wakipigana, mtoeni hata kama ni ndugu yenu.

Kama amemaliza kidato cha nne, anapenda ridhaa na nidhamu haimkeri, ombeni afanye mazoezi na timu ya kambini kwa muda kabla ya kuomba nafasi yenyewe, mkiangalia kama kocha humwuliza kijana hali yake au humwamuru tu.

Kama ni binti, vigezo ni vilevile na nafasi zipo, maana ngumi za wanawake ziko kwenye Olimpiki tangu London 2012. Ongezeni tu maswali ya wazi: nani mwingine huwapo ukumbini, anabadilishia nguo wapi, anarudi na nani usiku. Kocha mwema hatachukia kuulizwa.

Kama kijana amewamaliza wa uzito wake mkoani lakini bado ana miaka 16, msimhamishe. Mwombeni mwalimu wa mtaani ampeleke Tabora au Mwanza kujifua kwa wiki moja moja wakati wa likizo, na muone kama mwalimu anakubali kumpeleka kwa wenzake bila wivu.

Na kama ametimiza miaka 18, ameshindana vya kutosha, hataki utumishi na moyo wake uko kwenye ngumi za kulipwa, basi Dar ndiyo mahali pake, ila si kwa ujumbe wa simu. Mtu mzima wa familia asafiri naye hizo kilomita 1,250 za reli, akae siku chache, aone kitanda, aone sparingi, akutane na mabondia wawili waliokwisha kuachana na kocha huyo awasikilize. Mwalimu wa mtaani aagwe kwa heshima kabla ya safari, tena akiweza asikike kwenye simu kila baada ya pambano. Nauli ya kurudi Kigoma iwekwe kwa shangazi au rafiki aliyeko Dar, isiwe kwa kijana wala kwa kocha, na kijana ajue kwamba siku yoyote akiitaka atapewa bila kuulizwa sababu.